Inverta ya Zamani, Betri Mpya: Je, Lazima Zitoke Duka Moja?

Jumamosi ya tarehe 26 Agosti 2023 jua la Mombasa lilichomoza kama kawaida yake. Stima ilikuwa imekatika nchi nzima tangu Ijumaa usiku, na mtaani kwetu ilikuwa haijarudi. Jirani yangu, mama mmoja mwalimu mstaafu, alisimama uani akilitazama paa lake. Juu kulikuwa na paneli kumi na mbili zinazong'aa. Ndani, samaki wa wiki nzima walikuwa wakiyeyuka kwenye friza.

"Mwanangu," akaniita, "hili jua si ndilo lile la jana?"

Ndilo, nikamjibu. Kilichobadilika ni kwamba inverta yake, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe stima ya kutumika nyumbani, haikuwa na wa kumfuata. Inverta ya kuunganishwa na gridi, yaani mtandao wa stima wa taifa, ni maamuma: husimama gridi ikisimama, hurukuu gridi ikirukuu, na imamu akiondoka haiendelei peke yake. Imetengenezwa hivyo kwa makusudi, ili fundi wa Kenya Power aliye juu ya nguzo asiuawe na stima inayoshuka kutoka kwenye paa la mtu. Dawa yake inajulikana pia. Unaweka betri yenye inverta yake, na gridi ikikatika hiyo ndiyo inayoshika uimamu, huku ile ya paneli ikiendelea kufuata.

Mama akaenda madukani. Maduka matatu, jibu moja: ng'oa yote, weka haibridi, yaani inverta moja inayoshika paneli na betri pamoja, ya kampuni moja na betri ya kampuni hiyo hiyo. Inverta yake wakati huo ilikuwa na miaka minne na haijawahi kulala hata siku moja. Muuzaji wa tatu alimpa na methali kabisa, kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. "Ukichanganya, mama, utachoma nyumba."

Onyo hilo lina ukweli ndani yake na nitaufikia. Lakini limekuwa likitolewa kwa sauti kubwa kuliko uzito wake, kiasi kwamba anayetaka kubaki na inverta yake nzuri huonekana bahili au mjuaji. Nimewasikia watu wenye akili zao wakiuza inverta nzima kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya hofu hiyo. Basi kabla ya kuuza, tuangalie vifaa hivi viwili vinaongea nini vikikutana.

Stima ya gridi yetu hucheza mara 50 kwa sekunde, ndiyo hezi 50 iliyoandikwa kwenye kibati cha pasi yako. Hayo ndiyo mapigo ya moyo wa mtandao mzima. Uzalishaji ukizidi matumizi, masafa, yaani idadi ya mapigo hayo kwa sekunde, hupanda. Matumizi yakizidi, hushuka. Mwanzoni mwa 2018 mzozo wa Kosovo na Serbia juu ya umeme uliyashusha masafa ya bara la Ulaya kwa kiasi kidogo sana, lakini kwa wiki nyingi mfululizo, na saa za jikoni zinazohesabu mapigo hayo zikachelewa hadi dakika sita kutoka Uhispania mpaka Uturuki. Kila kifaa kilichochomekwa ukutani kinayasikia masafa, bila waya wa data, bila intaneti, bila kumuuliza mtu nywila.

Wajerumani walijifunza jambo hili kwa hofu. Kanuni zao za zamani ziliagiza inverta ya paa ijizime masafa yakifika hezi 50.2. Zilipokuwa inverta chache, haikuwa kitu. Paneli zilipotapakaa nchi nzima, wahandisi wakaona hatari: siku ya jua kali masafa yakigusa namba hiyo, zote zingejizima kwa pigo moja na kuiangusha gridi ambayo zilikuwa zinailinda. Mwaka 2012 serikali ikatoa amri ya kurekebisha mitambo zaidi ya 300,000 iliyokwisha kufungwa majumbani, na inverta mpya zikatakiwa kufanya kitu cha busara zaidi: kuanzia 50.2, zipunguze nguvu taratibu, asilimia 40 kwa kila hezi inayoongezeka.

Piga hesabu. Asilimia 100 kwa mwendo wa asilimia 40 kila hezi ni hezi mbili na nusu. Ongeza kwenye 50.2, unapata 52.7. Sasa fungua mipangilio ya inverta ya betri ya Victron, kampuni ya Uholanzi, mahali pa kuiunganisha na inverta ya paneli. Unakuta: anza kupunguza 50.2, fika chini kabisa 52.7, kata kabisa ikipita 53. Mteremko ni ule ule. Betri ikikaribia kujaa wakati gridi haipo, inverta ya betri hupandisha masafa ya nyumba kidogo kidogo, na inverta ya paneli, iwe ya Fronius kutoka Austria au SMA ya Ujerumani, husikia na kupunguza. Mholanzi anamwongoza Mwaustria kwa lugha waliyoitunga Wajerumani wakiogopa giza.

Kwa hiyo methali ya yule muuzaji ni kweli tupu, ila ameiweka pasipo pake. Fahali wawili hawakai zizi moja, na swala ya jamaa haina maimamu wawili. Ndiyo maana mmoja huongoza na mwingine hufuata, na wanafuatana kwa kitu ambacho hakina hatimiliki ya kampuni yoyote. Hata Tesla, ambayo watu huitolea mfano wa mfumo uliofungwa kwa kufuli, betri yake ya nyumbani ya Powerwall 2 haikuwa na inverta ya paneli hata kidogo. Ilitegemea inverta ya mtu mwingine aliye juu ya paa, na gridi ikikatika iliizuia kwa kupandisha masafa. Inverta ya paneli ilikuja kuingia ndani ya boksi kwenye matoleo ya baadaye. Kuchanganya, kwa maneno mengine, si ujanja wa mafundi wa vichochoroni.

Kuna kikwazo kimoja ambacho fundi asipokijua atakulaumu wewe au paneli zako. Inverta iliyowekewa mpangilio wa gridi ya umma, mara nyingi hukata kabisa masafa yakifika 51.5 au hata kabla, badala ya kuendelea kupunguza hadi 52.7. Ikikata, husubiri dakika moja au zaidi kabla ya kurudi. Matokeo yake ni paneli zinazowaka na kuzima mchana kutwa kama taa ya bodaboda mbovu. Inabidi kuchagua mpangilio wa gridi ndogo, ambao Fronius kwa mfano huuita MG50, na kuubadilisha kunahitaji namba ya siri ambayo mafundi waliosajiliwa hupewa. Inverta za zamani zaidi, na nyingine za bei ya chini, hazina mpangilio huo. Zinajua kuwaka na kuzima tu. Mwenye inverta ya namna hiyo, hata mimi nitamwambia aiuze.

Sasa nije kwenye shawa, kwa sababu hapa ndipo mifumo ya kuchanganya inapofia, na ndipo ninapoona watu wa upande wangu wakijidanganya.

Shawa ya umeme ya papo kwa papo, hizi zilizojaa bafuni kwetu Kenya, hula kama kilowati 5. Chukua saa sita mchana, gridi haipo, jua liko utosini. Inverta ya paneli ya jirani yangu inatoa kilowati 5 kamili, na mtu yuko bafuni anaoga. Kila kitu kimetulia: zinazotoka kwenye paa zote zinaingia kwenye maji. Halafu mtu anamaliza kuoga. Anafunga maji, shawa inakata.

Zile kilowati 5 zinakwenda wapi?

Jua halijui kwamba mtu ametoka bafuni. Inverta ya paneli nayo haijui bado. Itajua masafa yakishapanda, na hilo huchukua muda, hata kama ni muda mfupi. Katika kipande hicho cha wakati, nguvu yote ile inaingia sehemu moja tu iliyobaki, yaani kwenye inverta ya betri, kwa kurudi nyuma, hadi kwenye betri. Ikiwa inverta ya betri ni ya kVA 3, yaani uwezo wa kama kilowati 3, umemimina ndoo kwenye glasi. Haitachoma nyumba, lakini itapiga kelele, itajikata, na nyumba nzima itaingia gizani kwenye jua la saa sita. Ikirudia hivyo kila siku, kuna siku haitaamka.

Victron wana kanuni yao ya moja kwa moja, nayo ni rahisi kiasi kwamba mtoto wa darasa la nne ataielewa: wati za paneli zilizo upande huo zisizidi VA za inverta ya betri. Paneli za kilowati 5, inverta ya betri ya kVA 5. Hakuna "lakini", hakuna "kwa kawaida jua halifiki hapo". Litafika, na litafika siku ambayo mawingu yamepasuka ghafla baada ya mvua, paneli zikiwa baridi na zinatoa nguvu kupita siku zote.

Na inverta ikishatosha, betri nayo? Betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100, ile ya uniti 5 ambayo ndiyo inayouzwa zaidi, watengenezaji wengi hupendekeza ichajiwe kwa ampea 50. Ampea 50 mara volti 51.2 ni wati 2,560. Nusu tu ya kilichotoka bafuni. Kilowati 5 zingekuwa ampea karibu 98. Ukitaka betri imeze shawa bila kulalamika, unahitaji mbili, zilizofungwa sambamba.

Fundi wa kwanza aliyekubali kumchanganyia mama, kijana mchangamfu, alimwandikia inverta ya betri ya kVA 3 na betri moja, "tuanze nayo hiyo, mama, utaongeza baadaye". Huyu ndiye adui wa kweli wa hoja yangu. Mwenye duka la chapa moja anakuuzia zaidi ya unachohitaji. Huyu anakuuzia pungufu, mfumo unaanguka, na watu wanasema: mwaona, tuliwaambia msichanganye.

Kosa la pili la namna hiyo liko kwenye betri yenyewe. Betri ya kisasa ya lithiamu ina kompyuta ndogo ndani, BMS, inayojua hali ya kila seli. Kazi yake kubwa ni kuiambia inverta mambo matatu kila baada ya muda mfupi: nichaji mwisho volti hizi, niingizie mwisho ampea hizi, nitoe mwisho ampea hizi. Husema hayo kwa waya, kwa itifaki ya CAN au RS485. Hapa kuna habari njema ambayo maduka huisema kwa kunong'ona. Lugha iliyotumiwa na Pylontech ya China imeigwa na karibu kila mtu, hadi inverta nyingi zina chaguo linaloitwa PYL na betri za kampuni nyingine kabisa hujitambulisha kana kwamba ni Pylontech. Lugha ya wafanyabiashara, kama Kiswahili kilivyosambaa bandarini kabla ya kupata kamusi.

Tatizo ni waya. Kichomeo ni kile kile cha intaneti, kwa hiyo fundi anachukua waya wa intaneti dukani na kuchomeka. Lakini Pylontech hupeleka mawimbi yake kwenye pini ya 4 na ya 5, na Victron huyasubiri kwenye ya 7 na ya 8. Waya umeingia vizuri, umetoa mlio wa "tak", na hakuna kinachosikika. Inverta, kwa kukosa habari, huanza kukisia kiasi cha chaji kwa kupima volteji. Na volteji ya lithiamu aina ya chuma na fosfeti haisomeki kirahisi: kutoka asilimia 20 hadi 80 seli inabaki kwenye volti 3.2 na 3.3. Ni kama kutaka kujua maji ya tangi kwa kugonga nje.

Kuna nyumba moja Likoni niliyoitwa kuitazama, inazima kila siku kama saa saba mchana, jua likiwa kali. Fundi alikuwa amekwisha kuwaambia betri ni mbovu na haipatani na inverta. Nilichokuta: waya wa data wa kawaida usiosema kitu, na inverta imewekewa kuchaji hadi volti 57.6. Namba hiyo ni sahihi kwa betri yenye seli 16. Ile ya kwao ilikuwa na seli 15. Gawanya 57.6 kwa 15, unapata volti 3.84 kwa seli, wakati seli hiyo mwisho wake ni 3.65. Kila mchana betri ilijifunga yenyewe ili isijiue, na kila mchana ililaumiwa kwa kujiokoa. Tulibadilisha waya tukachagua lugha sahihi. Haikununuliwa betri nyingine.

Sasa haki ya upande wa pili, maana wanayo.

Hoja yao ya kwanza ni ya dhamana, na sina jibu zuri la kuifuta. Vifaa vya kampuni mbili vikigombana, wa betri atasema ni inverta, wa inverta atasema ni betri, na wewe utakuwa katikati na friza lako. Chapa moja ina mlango mmoja wa kugonga. Kampuni kadhaa huchapisha orodha ya vifaa vya wengine walivyovijaribu, na ukibaki ndani ya orodha hizo zote mbili, ya betri na ya inverta, una karatasi ya kushika. Nje ya hapo uko peke yako. Kuna pia masasisho ya programu yanayoshuka usiku kwa intaneti. Mfumo uliolala unaelewana unaweza kuamka hauelewani.

Ya pili ni upotevu. Stima ya paneli ikigeuzwa mara moja kuingia nyumbani, ikageuzwa tena kuingia kwenye betri, ikageuzwa mara ya tatu usiku kutoka, kila mgeuzo hukata ada yake. Tukikadiria asilimia 5 kila mara, uniti 10 za paa hufika 8.6 kwenye taa ya usiku. Haibridi yenye migeuzo miwili ingefikisha 9 kamili. Ni tofauti, lakini ipimeni: inahusu tu kile kinacholala kwenye betri. Kinachotumika mchana, kama pasi na pampu ya maji, hakipiti huko.

Ya tatu ndiyo ninayoiogopa, na ajabu ni kwamba hakuna muuzaji hata mmoja aliyeitaja mbele ya mama. Gridi haipo, usiku umekuwa mrefu, feni zimefanya kazi, betri imeisha saa kumi alfajiri na inverta yake imejizima. Jua linachomoza. Paneli ziko tayari, maamuma amekwisha kutawadha, lakini imamu amelala na hakuna wa kumwamsha. Stima ya kuchaji betri ingetoka kwenye paneli, na paneli zinasubiri stima kutoka kwenye betri. Umerudi pale pale pa Agosti 2023, umesimama uani, safari hii na betri ya maelfu ya shilingi ndani. Haibridi, kwa kuwa paneli zake huingia moja kwa moja kwenye betri, kwa kawaida huamka yenyewe na jua. Mwenye mfumo wa kuchanganya lazima aweke akiba isiyoguswa, na mizigo mizito iondolewe mapema kabla betri haijafika hapo. Wengine hufunga paneli mbili tatu za pembeni na chaja yake ndogo, moja kwa moja kwenye betri, kwa ajili ya asubuhi kama hiyo tu. Mimi naiona hiyo ndiyo pesa inayotumika vizuri kuliko zote katika mfumo mzima.

Kwa hiyo mwenye paa tupu anayeanza leo, sina ugomvi naye akinunua haibridi. Boksi moja, mlango mmoja. Ningemwomba tu achague betri inayojua lugha ya wengine, kwa sababu nitakayoisema sasa.

Vitu hivi havifi pamoja. Paneli hupewa dhamana ya utendaji ya miaka 25. Inverta, ukiikuta inafanya kazi baada ya miaka 12 kwenye chumvi ya pwani yetu, mshukuru Mungu. Betri za lithiamu nyingi zina dhamana ya miaka 10. Na kampuni? Mercedes-Benz, jina ambalo ungedhani litadumu kuliko nyumba yako, iliingia kwenye betri za nyumbani na mwaka 2018 ikatoka. SunPower ya Marekani ilikwenda mahakamani kufilisika Agosti 2024, ikiwa imekwisha kufunga betri zake za SunVault kwenye nyumba za watu. Novemba 2024 wenye inverta za Deye huko Marekani waliamka wakakuta skrini zinawaambia kifaa hakiruhusiwi kutumika nchini humo, kisa kikiwa na uhusiano na haki za nani auze soko lipi. Deye ni hizo hizo zinazofungwa hapa kwetu kila wiki, na sisemi ni mbovu. Ninazo sifa zake nyingi. Nasema kwamba aliyekuwa na betri inayojua lugha ya sokoni aliweza kuihamishia kwenye inverta ya mtu mwingine. Aliyefungiwa kila kitu ndani ya chapa moja, kifo cha kimoja ni msiba wa vyote.

Hesabu ya chapa moja hufanywa siku ya kununua, na siku hiyo kweli inapendeza. Ifanye mwaka wa tisa, inverta imekufa na betri ina afya, na kampuni imebadilisha kichomeo.

Kuna na jambo la Kenya hasa. Kanuni za 2024 za kubadilishana stima na gridi zinampa mteja nusu uniti kwa kila uniti anayoisukuma nje. Uniti ya saa saba mchana inayokwenda Kenya Power inarudi ikiwa nusu. Ikienda kwenye betri, hata kwa njia yetu yenye upotevu, inarudi saa mbili usiku ikiwa na zaidi ya asilimia 80 ya mwili wake. Maelfu ya inverta za maamuma zilizokwisha kufungwa kwenye mapaa ya mijini ndizo zinazoweza kunufaika kwanza na betri, na wenye nazo ndio wanaoambiwa waanze upya.

Jirani yangu hakuanza upya. Ilichukua muda kumpata fundi wa sola mwenye leseni ya T3 ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ambaye hakukunja uso aliposikia majina mawili tofauti. Alichoandika kilikuwa kirefu kidogo kuliko cha yule kijana: inverta ya betri ya kVA 5, betri mbili, waya wa data wa pini sahihi, mpangilio wa inverta ya paneli kubadilishwa, shawa kubaki upande wa gridi na kutoguswa stima ikikatika, ingawa hesabu ilikuwa inairuhusu. "Mama, hiyo kanuni ni ya siku yote yakienda sawa," alimwambia. Nilimpenda hapo hapo.

Jumapili moja saa sita mchana, betri zikiwa karibu kujaa, fundi alizima meni swichi. Taa ya sebuleni ilipepesa mara moja. Feni haikusimama. Alikaa na kimashine chake akisoma: 50.0, 50.3, 50.9, 51.4, na juu ya ukuta inverta ya paneli ikawa inashuka, kilowati 5, 4.8, 3.6, 2.6. Alimwambia mama awashe pasi; masafa yakashuka na paneli zikapanda. Akaizima, yakapanda tena. Kompyuta ya mjukuu iliyokuwa kwenye UPS, kile kiboksi cha betri ya akiba, ililia kidogo, kwa kuwa UPS hiyo haikuyapenda masafa ya 51, na fundi akaiandika kwenye daftari lake kama jambo la kurekebisha.

Tulikaa hivyo saa mbili nzima bila gridi, tukanywa chai. Aliporudisha swichi, mama alitoka jikoni ananiita. Saa ya mikrowevu ilikuwa imetangulia dakika tatu, na alitaka kujua kama airudishe au aiache hadi stima ikatike tena.